Tiketi za hitilafu ukiwa mahali pasipo na mtandao: mnatumia njia gani?

fundi_wa_mbinga
Wakuu, habari za jioni. Alhamisi napanda basi la Songea, nitakuwa nyumbani Mbinga wiki mbili. Kahawa inachumwa na mzee kaniita, lakini likizo kamili sijapewa. Mtandao wa kule mpaka upande kilimani, na ukiupata unakata. Tiketi zangu za hitilafu (taarifa za matatizo ya programu) ziko kwenye tovuti mbili za kuzifuatilia: kama 180 GitHub, na 40 hivi za mteja kwenye Jira. Nataka nizisome pamoja na maoni yake, na nikijibu, jibu lisubiri mpaka mtandao urudi. Nimewaza PDF, CSV (faili la jedwali) au git-bug (programu ya kutunza tiketi kwenye mashine yako). Nani kashajaribu?

dada_wa_seva
PDF achana nayo. Nilihifadhi kurasa sitini kabla ya kwenda Pemba, nafika kule tiketi ndefu zote zina pengo katikati. Maoni yakiwa mengi GitHub huyaficha mpaka ubonyeze, na mimi sikubonyeza. Jibu nililolitaka lilikuwa humo humo.

grep_tu
Kama ni kusoma, huhitaji makubwa. Sakinisha gh, programu ya GitHub ya kuandikia amri, halafu:

`gh issue list --state all --limit 500 --json number,title,body,comments > tiketi.json`

Hiyo --limit usiisahau, bila yake unapewa 30 tu. Unapata faili moja la maandishi, unalipekua kwa jq au grep (programu ndogo za kutafuta ndani ya faili) hata ukiwa ndani ya basi. Picha haziji, zinakuja linki zake.

CSV ya Jira nayo inasomeka, ila kila oni linapewa safu wima yake. Tiketi moja yenye maoni 25 inakuletea safu wima 25 kwenye jedwali zima. Macho yatauma.

usiku_nairobi
Natumia git-bug, na kati ya ulizotaja ndiyo pekee inayokuruhusu kuandika. Tiketi zinakaa ndani ya git yenyewe (mfumo unaotunza matoleo ya msimbo), hazichafui folda ya kazi. Kabla ya kutoka piga `git bug bridge pull` (ile ya kwanza huchukua muda, ifanyie ofisini). Unasoma na kujibu kwa `git bug termui`, ukipata mtandao unapiga `git bug bridge push`. Inaunganika na GitHub, GitLab na hata Jira.

Kasoro moja: majibu ya siku tano yanatua GitHub kwa mkupuo, yakiwa na saa ya kutumwa, si saa uliyoyaandika. Wenzangu walidhani nimekesha.

mzee_bugzilla
Wanangu, haya si mapya. Enzi zetu Mylyn, nyongeza ya Eclipse (programu ya kuandikia msimbo), ilikuwa inatunza tiketi za Bugzilla, mfumo wa zamani wa tiketi, kwenye mashine, unajibu bila mtandao, zinaondoka baadaye. Watu wa Debian, mfumo wa Linux, wana amri ya `bts cache` ya kazi hiyo hiyo ya kutunza nakala. Na Fossil, mfumo kama git, ya Richard Hipp yule yule aliyetengeneza hifadhidata ya SQLite, inaweka msimbo, kurasa za maelezo (wiki) na tiketi katika faili moja. Lakini mteja wako yuko Jira, hatahama kwa sababu ya kahawa yenu.

Mimi ningetumia barua pepe. Taarifa za GitHub ziingie Thunderbird, programu ya barua pepe, uiambie ihifadhi ujumbe wote kwenye mashine. Unajibu ujumbe kama barua ya kawaida, unakaa kwenye kikasha cha kutoka. Siku ukipanda kilimani, dakika moja zimekwenda zote, na bando halishtuki. Kila jibu linatokea kama oni kwenye tiketi yake.

dada_wa_seva
Mzee shikamoo. Ila kwa barua pepe atapata tu zile alizoarifiwa, na hawezi kubadili lebo. Hao wa Jira nao mpaka msimamizi wao awe amewasha upokeaji wa barua.

Na kuna jambo hamjaligusa. Niliwahi kuchimba hitilafu moja siku mbili nikiwa Pemba, nikaandika jibu refu la kujivunia. Mtandao kurudi, tiketi imefungwa tangu Jumatatu. Waambie wenzako kabla hujaondoka: hizi sita ni zangu, msiziguse.

Tiketi za mteja zina namba za simu za watu? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Omba ruhusa, na diski ifungwe kwa nywila. Laptopu huibiwa stendi.

mzee_bugzilla
Marahaba binti. Hapo kwenye sita nakubali.

fundi_wa_mbinga
Asanteni sana. Nimeamua hivi: gh kwa kusoma zote, barua pepe kwa kujibu. git-bug nitaijaribu nikirudi, sitaki kujifunza kitu kipya juu ya kilima. Za Jira nimechagua sita, mteja karidhia, majina na namba nimezifuta kwenye nakala yangu.

Leo nimezima Wi-Fi nikakaa nje nusu saa kujaribu. Tiketi namba 112 ni picha tu, hata neno moja hakuna. Nimemwandikia aliyeifungua.