Shamba la mama limeingizwa kwenye msitu wa kijiji, nidai au niache?

Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri maana hili jambo linanikosesha usingizi.

Kwetu ni mkoa wa Lindi, mzee alituachia ekari sita tunalima ufuta na mihogo, nyuma yake kuna msitu. Mwaka jana kijiji kilifanyiwa mpango wa matumizi bora ya ardhi, mimi nilikuwa Dar kwenye mishe na mama alikuwa anaumwa hakwenda mkutanoni, sasa vibao vimewekwa na ekari mbili za juu zimeangukia kwenye msitu wa hifadhi ya kijiji. Mama kaambiwa asilime tena huko, fidia hakuna anayeitaja. Msitu siupingi jamani, chemchemi tunayochota maji iko humo humo na tunaona watu wanavyofyeka kila msimu kufuata udongo mpya wa ufuta. Ila hizo ekari mbili ndo zilinisomesha.

Mpimaji_Mstaafu: Pole mkuu. Nenda ofisi ya kijiji uombe kuona muhtasari wa mkutano mkuu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 halmashauri ya kijiji inapendekeza eneo la pamoja lakini wanaoridhia ni mkutano mkuu, kama haukuridhia hapo una hoja. Halafu mzee alianza lini kulima hapo? Haki ya kimila ina nguvu sawa na hati zile za mjini, hata kama hamna karatasi.

Mleta uzi: 1984 mkuu, majirani wawili wanaojua bado wapo hai.

Mpimaji_Mstaafu: Basi hao ndo ushahidi wako, waandike maelezo mapema. Anzia Baraza la Ardhi la Kijiji, wao wanasuluhisha tu hawahukumu, ikishindikana utapanda juu. Fidia ipo kisheria, tena inatakiwa iwe kamili, ya haki na ya haraka. Na hatimiliki ya kimila ikitoka hakikisha jina la mama limo, nimeona wajane wengi wakiachwa nje nikaumia sana.

Bint_Kilosa: Kaka, chemchemi iko umbali gani na shamba? Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60, hapo usigombane, omba ufidiwe kwenye ardhi ya akiba ya kijiji. Na huo msitu usiuone adui, huku Kilosa kuna vijiji vinavuna mkaa kwa vitalu, kitalu kikikatwa kinapumzishwa miaka 24 visiki vichipue, ushuru unaingia kijijini.

Mleta uzi: Asanteni sana. Leo nimepima kwa kamba, kama nusu ekari ipo ndani ya hizo mita 60, hiyo nimeshaongea na mama tunaiacha. Ekari moja na nusu iliyobaki Jumatatu naenda kuomba huo muhtasari.