Stellenbosch: mwenye shamba KANUSA yai langu, kisha kanitukana ulimi!

Wakuu, nina hasira hata chai haijashuka. Niko Stellenbosch, Afrika Kusini, nimelala kwenye shamba la mvinyo, zile nyumba nyeupe za Kidachi. Mwenyewe mnamjua, yule wa kofia ya majani na mbwa watatu. Jina silitaji.

Imeletwa sahani kubwa kama ungo. Ndani: nusu nyanya, uyoga mmoja mpweke, kipande cha boerewors, soseji yao ya huku, kimejikunja kama kinaumwa tumbo, na yai. Yai bichi! Ute unacheza, ukigusa meza linakukonyeza. Nikaomba kwa adabu zote za nyumbani Tanga, lirudi jikoni liive, na pilipili kama ipo.

Bwana akaja mwenyewe. Akainua sahani, akaizungusha kama glasi, AKANUSA. Akasema, "Yai halina kosa. Ulimi wako ndio haujafundishwa."

Ulimi wangu! Uliolelewa kwa mahamri na mbaazi za nazi! Jana usiku mtu huyuhuyu katushikilia saa nzima na mvinyo wao wa Pinotage, eti zabibu yake profesa wa hapahapa aliizalisha mwaka 1925 kwa kuchanganya zabibu aina mbili, Pinot Noir na Cinsaut. Sawa, hongereni. Miaka 100 ya kubembeleza zabibu, yai la dakika tatu linawashinda? Kwa hela ya usiku mmoja hapa nanunua tetea, jogoo na banda lao.

Na alinusa, wakuu. Pua ilikaribia kiini.

Mbuyu Mkavu: Uzi bila picha ya yai ni umbea.

Binti Ngamiani: Umeenda kwa wakamua zabibu unadai pilipili, hukuomba na ndimu? Mzee kasema kweli, huo ulimi wako humu tunaujua.

Mzabibu wa Dom: Afadhali yako umeona yai. Sisi Dodoma zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, lakini lodge niliyolala juzi nimepewa chapati ya jana, baridi. Kuuliza, mhudumu ananiambia "tulijua utachelewa kuamka". Saa moja asubuhi!

Mleta uzi: Pole mkuu, ila turudi kwenye mada. KANUSA YAI.

Wanjiku wa Mtaa: Huku Nairobi unakula mayai pasua na kachumbari, umesimama kando ya barabara. Hakuna mtu wa kukuuliza mambo ya ulimi.

Kijiwe Nongwa: Mzabibu, chapati bila supu uliikubali ya nini? Asubuhi ni supu na chapati mbili, limao, basi.

Mbuyu Mkavu: Supu inaliwa na ndizi. Chapati ni za chai.

Kijiwe Nongwa: Ndizi kwenye supu ya mbuzi? Wewe ndiye ulimi haujafundishwa.

Mleta uzi: Wakuu, yai langu bado liko mezani hapa...

Binti Ngamiani: Subiri kwanza, tunaongea supu. Mbuyu, ndizi mbivu au mbichi?