Tashbihi, sitiari, jazanda, kinaya: mwanafunzi akariri maana au aanze na mifano?

Mdau_Fasihi: Wakuu habari zenu. Mdogo wangu anajiandaa na mtihani wa fasihi, tashbihi kaishika vizuri ila sitiari na jazanda zinamchanganya, na kinaya kwake ni chochote kinachochekesha. Akariri maana za kila mbinu au aanze na mifano?

KalamuNyeusi: Mifano kwanza mkuu. Mpe mhusika mmoja, tuseme tajiri mkatili, amwandike kwa njia tatu. "Tajiri yule alikuwa kama fisi" ni tashbihi, maneno ya kulinganisha yapo wazi, kama, mithili ya, ja, utadhani. "Tajiri yule ni fisi", hapo tayari sitiari. Sasa mwandishi akisema "fisi alipoingia kijijini mbuzi wote walinyamaza" na tajiri hajatajwa kabisa, msomaji ndo anaunganisha mwenyewe, hiyo ndo jazanda. Akiziona zimepangana hivyo hazimpotei tena.

BiTenzi: Naunga mkono, ila kwa jazanda awe makini sana maana wapo wanaoihesabu kuwa kitu kimoja na sitiari na wapo wanaosema jazanda ni picha nzima inayojengwa kidogo kidogo, kwa hiyo afuate alivyofundishwa kisha aifafanue hiyo picha, maksi ziko kwenye maelezo sio kwenye jina. Na taashira, yaani kitu kinachosimama badala ya wazo fulani, asiiingize humo, njiwa kuwa amani watu wanaelewa hata nje ya hadithi.

MsomajiSugu: Mi napinga kidogo. Maana fupi lazima akariri, la sivyo ataishia kusimulia hadithi badala ya kujibu swali. Kinaya ni mambo kwenda kinyume na matarajio, mfano askari anayehubiri uaminifu kila siku ndo huyo huyo anapokea hongo. Kejeli iko kwenye maneno, mtu katapakaa matope unamwambia "leo umependeza kweli". Na sadfa ni matukio kugongana bila kupangwa, wengi wanaiandika kama kinaya na wanakosa maksi za bure kabisa!

Mdau_Fasihi: Asanteni sana, hapo kwa kinaya na sadfa ndo hasa anapokwama. Na mbinu rejeshi je?

KalamuNyeusi: Hiyo nyepesi, atazame wakati tu. Kisa kikirudi nyuma kuonyesha yaliyokwishapita ni mbinu rejeshi, akidokezewa yajayo ni kionambele. Ila anukuu sentensi yenyewe inayoturudisha nyuma, asiseme tu "mwandishi ametumia mbinu rejeshi" akaishia hapo.