Watayarishaji wameniweka kwenye orodha nyeusi: nitumie jina la rafiki?

Mtunzi wa Kirumba: Wakuu, naomba ushauri. Mimi ni mwandishi wa michezo ya kuigiza hapa Mwanza. Tangu uvumi uenee kwamba natumiwa na wanasiasa, watayarishaji hawapokei simu zangu, wala hakuna anayeniambia kosa langu. Rafiki yangu amekubali mchezo wangu mpya utoke kwa jina lake. Je, ni sawa?

Mwalimu wa Nyegezi: Wapo waliowahi kufanya hivyo. Mwaka 1947 waandishi na waongozaji kumi wa Hollywood walikataa kuiambia kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani iwapo walikuwa wakomunisti. Wakafungwa, na studio zikawanyima kazi. Mmoja wao, Dalton Trumbo, alitunga hadithi ya filamu iliyotoka mwaka 1953 kwa jina la Ian McLellan Hunter, na tuzo ya Oscar ikamwendea Hunter. Mmeandikishana?

Mzee wa Mwaloni: Bendi yetu iliponyimwa ukumbi, tulihamia Musoma kupiga kwenye harusi, na huko ndiko nilikopata mke. Usikate tamaa, kijana.

Binti Sengerema: Lisemwalo lipo. Kuna jambo unatuficha.

Mtunzi wa Kirumba: Basi niseme. Mtayarishaji mmoja ameahidi kunirudisha kazini nikimwandikia majina ya wanakikundi wenzangu wanaohudhuria mikutano ya siasa. Nimeshaandika matatu, ingawa barua sijaipeleka. Wenyewe hawajifichi, nami nina watoto wanaosoma.

Mwalimu wa Nyegezi: Mashahidi wengi wa Hollywood waliotaja wenzao mbele ya kamati ile walijitetea hivyohivyo, kwamba waliowataja walikuwa wameshajulikana. Elia Kazan, mwongozaji wa filamu, alitaja wenzake mwaka 1952 na kazi hakukosa. Lakini alipopewa Oscar ya heshima mwaka 1999, baadhi ya waliokuwa ukumbini waligoma kumpigia makofi.

Binti Sengerema: Mimi naona hadithi ya Hollywood imehamishiwa Kirumba. Mwezi uliopita, kwa jina hilihili, uliulizia injini ya mtumbwi ukasema huna mke wala mtoto.

Mtunzi wa Kirumba: Watoto ni wa marehemu kaka yangu, dada. Injini nilimwulizia huyo rafiki, ana duka la vipuri Mwaloni.

Mwalimu wa Nyegezi: Naye yumo katika yale matatu?

Mtunzi wa Kirumba: Yumo, kwa sababu nikimwacha watanishuku mimi. Yeye ana duka, hategemei sanaa.

Mzee wa Mwaloni: Mwenye duka la vipuri hapa Mwaloni, anayeigiza? Huyo namfahamu.