Jumuiya niliyokuwa naikimbia ndo imenisaidia kumzika mume wangu, narudije?

Mama_Kinyerezi:
Habari za jioni wapendwa, naomba ushauri na tafadhali mnisome mpaka mwisho kabla hamjanisema. Mume wangu alifariki mwezi wa pili mwaka huu, tukamzika kwao Rombo. Sasa mimi tangu tuhamie huku Kinyerezi miaka minne iliyopita sijawahi kukanyaga jumuiya, kile kikundi cha Wakatoliki wa mtaani wanaosali pamoja nyumbani kwa majirani. Kanisani Jumapili nilikuwa naenda nikiwahi kuamka, ila ile ya Jumamosi saa 12 asubuhi hapana, nilikuwa najiambia nimechoka na kazi, mwenyekiti akija kupiga hodi namtuma mtoto aseme mama katoka na mimi nipo jikoni naosha vyombo. Kuna siku mtoto akaniuliza mama kwani kudanganya si dhambi, nikamwambia nenda kafanye homuweki.

Siku msiba umetokea kabla hata mawifi zangu hawajafika wale wamama wa jumuiya walishaingia, mmoja kashika ufagio, mwingine anauliza chumvi iko wapi, jioni turubai limefungwa, siku tatu wanasali rozari na kuimba hapo uani mpaka tunasafirisha, na wanne kati yao wakapanda basi na sisi mpaka Rombo. Tumeanua tanga watu wakatawanyika kila mtu na maisha yake, grupu la wasapu la msiba sasa hivi limebaki na matangazo ya mikopo, na nyumba imebaki na mimi na watoto wawili na friji linavyounguruma usiku.

Nataka kwenda jumuiya ila naona aibu, watasema si ndo huyu, kaja kwa sababu yamemkuta. Alafu kuna kitu kingine kidogo, nimebaki na sufuria kubwa la kupikia wali ambalo si langu, ubavuni limeandikwa M.R kwa rangi ya kucha nyekundu. Mwenyewe simjui, na kuuliza pia naogopa, kila nikiingia stoo naliona. Mnaanzaje kurudi sehemu mliyoikimbia?

MzeeWaKanda:
Pole sana mama, Bwana ampumzishe kwa amani. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya huku Tabata mwaka wa 6 huu, ngoja nikupe siri ya ndani. Tukipiga hodi mkasema hamupo huwa tunajua mpo, viatu si tunaviona mlangoni! Tunaondoka tu na wiki ijayo tunarudi.

Daftari la mahudhurio lipo, sikudanganyi, na zipo sehemu wanalifungua siku ya msiba kuangalia kama marehemu alikuwa anahudhuria jumuiya ndo wakubali kuzika. Hilo binafsi silipendi, nimeshalisema kikaoni nikaonekana mkorofi. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walivyozitilia mkazo jumuiya ndogo ndogo mwaka 1976 walitaka kanisa lishuke mtaani, majirani wajuane, wasome neno, wasaidiane, sasa sisi tumezigeuza geti la kukagulia maiti.

Jumamosi vaa kitenge chako nenda. Usijieleze. Wakikupa somo soma, zikifika nia za maombi taja jina la mumeo basi. Na Novemba ndo hiyo inakuja, mwezi wa kuwaombea marehemu, tarehe 2 tunaenda makaburini. Wa kwako yuko mbali najua. Mke wangu wa kwanza amelala Songea, mi kila mwaka nafagia kaburi la bibi mmoja hapa hapa Dar hata simjui, nilikuta nyasi zimelifunika, nikaanza hivyo hivyo tu.

Sufuria ndo tiketi yako, lichukue uende nalo.

BintiPangani:
Pole dada yangu, Mungu akupe subira. Mi ni Muislamu hayo ya daftari siyajui, ila hiyo ya watu kutawanyika naijua sana. Nilikaa eda yangu miezi 4 na siku 10 naiona kama kifungo, lakini wanawake walikuwa wanakuja mmoja mmoja, mwingine hata hasemi kitu, anakaa anachambua mchele, anaaga, anaondoka. Eda ilivyoisha na wao wakapungua, hapo ndo nikaanguka haswa.

Kilichonitoa ndani ni bi mkubwa mmoja mtaani kwetu anayeosha maiti za kike. Akaniita kuna msiba njoo unishikie shuka, na kazi yangu siku hiyo ilikuwa hiyo tu, kushika shuka marehemu asitirike, mikono inatetemeka mpaka akaniambia we mtoto shika vizuri. Mara ya pili nikamimina maji. Unaanza na viungo vya udhu, upande wa kulia kisha kushoto, maji yana majani ya mkunazi, ya mwisho yana karafuu maiti, mara tatu au tano, taratibu na maji yasiwe ya moto wala baridi sana utadhani anasikia. Alafu sanda, mwanamke vipande vitano. Na ukiona kitu kwenye mwili wa mtu hukisemi mpaka na wewe uoshwe. Mume wangu waliosha wanaume, sikujua kumbe mke anaruhusiwa kumuosha mumewe, hilo linaniuma mpaka leo.

Sikwambii ukaoshe maiti lol, nasema tafuta wa kukwambia shika hapa.

chuma_chakavu:
Mi nitawaudhi. Mdogo wangu alipata ajali ya bodaboda akafa, kanisa letu (silitaji) likasema alikuwa hachangii, tukazika wenyewe na vijana wa kijiweni kwake, aliyesali ni mjomba wetu. Tangu hapo imani nimeiweka pembeni, sijaitupa lakini.

Hospitali siku ile tulihangaika kutafuta watu wa kumtolea damu, kwa hiyo sasa kila baada ya miezi 3 naenda kituo cha damu salama. Wanakupima uzito na presha, wanakutoboa kidole, ukifaa unalala pale kama dakika kumi, unapewa soda unasepa. Kwa wanawake ni kila miezi 4. Anayewekewa simjui, na hakuna anayeniuliza bahasha yako iko wapi. Kama jumuiya itakushinda dada jaribu huku.

MzeeWaKanda:
@chuma_chakavu pole mkuu, hiyo haikuwa sawa kabisa. Ila ona, wewe imani umeweka pembeni unatoa damu, mi mwenyekiti nikiona sindano najificha. Tuombeane.

Mama_Kinyerezi:
Nimerudi kuleta mrejesho. Jumamosi nimeenda, nimefika nimechelewa wameshaanza, nimesimama mlangoni na sufuria kichwani kama muuza maandazi. Mama mmoja mfupi akageuka akasema kwa sauti "heee sufuria langu", watu wote wakacheka katikati ya rozari. Baadaye akaniambia walijua muda wote liko kwangu, wakasema tumwache, atalileta mwenyewe akiwa tayari. Jina la mume wangu nimeshindwa kulitaja, nimelia, mtoto wangu mkubwa ndo akalitaja.

Nilitaka kuliweka sufuria chini wakanikataza, kumbe linatakiwa Segerea, kuna baba kafiwa na mkewe jana usiku, bajaji inasubiri nje. Nimeenda nalo. Nimemenya vitunguu mpaka saa 10 jioni. Yule baba nimemuona kakaa kwenye kiti cha plastiki anaangalia turubai likifungwa, sikumwambia kitu, nikamuuliza tu chumvi iko wapi.

@BintiPangani nina swali nitakufuata pm.