Herufi za kupanga zilianza Asia, mbona sifa zote kapewa Gutenberg?

Mdadisi
Wakuu, salaam. Tunaambiwa Gutenberg, yule Mjerumani wa karne ya 15, ndiye aliyeleta uchapaji wa herufi za kupanga (herufi moja moja zinazopangwa kuwa ukurasa, kisha zikavunjwa na kutumika tena), na watu wakaanza kusoma. Lakini Wachina walikuwa na herufi za udongo tangu miaka ya 1040, na Wakorea walichapa Jikji, kitabu cha dini ya Kibudha, kwa herufi za metali mwaka 1377, karibu miaka 80 kabla ya Biblia ambayo Gutenberg aliichapa Mainz, Ujerumani. Kama kifaa ni kilekile, kwa nini matokeo hayakufanana? Na je, ni mashine kweli iliyowafundisha watu kusoma?

FundiKalibu
Kifaa hakikuwa kilekile, mkuu.

Shen Kuo, mwanazuoni wa China wa karne ya 11, ameeleza hatua kwa hatua kazi ya Bi Sheng, fundi aliyebuni zile herufi za udongo. Alichonga alama kwenye udongo, akazichoma, akazipanga juu ya bamba la chuma lenye mchanganyiko wa ulimbo wa msonobari, nta na majivu ya karatasi. Bamba likipashwa moto, ulimbo unalainika. Unakandamiza kwa ubao bapa ili nyuso zote zilingane. Likipoa, zimeshika. Ukimaliza unapasha tena, zinadondoka. Mbao aliikataa: nyuzi zake hazilingani, inafyonza maji, halafu inang'ang'ania ulimbo. Alikuwa na mabamba mawili, moja likichapwa jingine linapangwa. Ufundi ulikuwepo.

Kilichomshinda ni kabati, yaani wingi wa herufi za kutunza na kutafuta. Kichina kinataka alama maelfu, na zile za kila mara huhitaji nakala 20 au zaidi kila moja. Kuchonga ukurasa mzima kwenye ubao mmoja kulikuwa na faida zaidi, kwa sababu ubao unawekwa stoo na kutolewa tena nakala zikihitajika. Herufi za kupanga ukishazivunja, toleo la pili ni kuanza upya.

Seti ya Biblia ya Gutenberg ilikuwa na alama zipatazo 290 tu, pamoja na vifupisho na herufi pacha (mbili zilizounganishwa kwenye kipande kimoja). Namna ya kuzitengeneza ni hivi: unachonga herufi kinyume kwenye ncha ya kijiti cha chuma cha pua, unakigonga kwenye kipande cha shaba, kinaacha shimo lenye umbo la herufi. Shaba hiyo unaiweka chini ya kalibu ya mkono, yaani chombo cha kumiminia metali iliyoyeyushwa, yenye pande mbili zinazoteleza, ili i iwe nyembamba na m iwe pana, huku kimo kikibaki kilekile. Kimo ndicho roho ya kazi. Herufi moja ikiinuka kidogo tu kuliko wenzake, inakandamiza karatasi mpaka kuitoboa, na za jirani zinatoka zimefifia.

Kinachomiminwa ni risasi, bati na antimoni. Risasi tupu inabonyea chini ya shinikizo. Antimoni inaipa ugumu, bati linasaidia mchanganyiko uingie hadi kwenye kona. Wino nao ulibidi ubadilike, maana ule wa maji hujikusanya matone juu ya metali. Akatumia masizi na mafuta ya kitani yaliyochemshwa.

Mhifadhi
Nakubaliana na FundiKalibu, ila hapo kwenye kalibu apunguze uhakika. Mwaka 2001 Paul Needham na Blaise Agüera y Arcas wa Princeton walilinganisha picha za herufi za Gutenberg, wakakuta herufi ileile ina maumbo mengi mno kuwa imetoka kwenye shaba moja. Huenda alisubu kwa mchanga, yaani alimimina metali kwenye kalibu ya mchanga, ikivunjwa kila mara. Njia uliyoieleza ni ya wachapaji waliokuja baadaye. Kwamba ni ya Gutenberg mwenyewe, bado kuna ubishi.

Kuhusu kabati, angalia pia Kiarabu. Herufi ni 28 tu, lakini nyingi zina maumbo manne kulingana na mahali zilipo, na huungana. Vipande vikiachana unene wa unywele, neno linaonyesha nyufa. Ibrahim Müteferrika, mchapaji wa Milki ya Osmani, alitoa kitabu chake cha kwanza Istanbul mwaka 1729, na karakana yake ikaishia vitabu 17. Kilichofungua njia Uajemi na India karne ya 19 ni chapa ya jiwe, aliyoibuni Alois Senefelder miaka ya 1790. Katibu anaandika kwa mkono kwa wino wa mafuta kwenye karatasi maalumu, maandishi yanahamishiwa kwenye jiwe la chokaa, jiwe linaloweshwa, kisha wino wa chapa unashika penye mafuta pekee. Jiwe likikauka katikati ya kazi, ukurasa unatoka madoa matupu. Lakini hakuna kabati, na mwandiko mzuri wa katibu unabaki kama ulivyo.

Daftari la Parokia
Swali la pili limesahauliwa. Mashine inaleta vitabu, haileti wasomaji. Mfano mzuri ni Uswidi: sheria ya kanisa ya 1686 ilitaka kila mtu ajue kusoma, na mchungaji alipita nyumba kwa nyumba akiwapima watu na kuandika matokeo daftarini. Kazi ya kufundisha ilikuwa ya wazazi. Sheria ya shule kila parokia ilikuja 1842, wakati wengi tayari wanasoma. Ila kuandika walikuwa hawajui! Kuandika kulitaka kalamu ya unyoya, wino, karatasi na mwalimu. Kusoma kulitaka kitabu kimoja tu cha katekisimu.

Mdadisi
Basi zile takwimu za usomaji za Uingereza, za kuhesabu saini kwenye vitabu vya ndoa, zinapima nini?

Daftari la Parokia
Zinapima mkono, kaka. Tangu 1754 bwana na bibi harusi walitia saini au alama ya msalaba. Kusoma kulifundishwa kwanza, kuandika baadaye, na wasichana wengi walitolewa kabla ya hatua hiyo au wakapelekwa kwenye ushonaji. Kwa hiyo mwanamke aliyetia msalaba huenda alisoma Biblia yake kila Jumapili. Ukizitumia, zichukue kuwa kiwango cha chini cha wasomaji, hasa kwa wanawake.