Boneti nimeshapiga msasa, niweke praima (rangi ya msingi) au bado?

Boneti Bovu:
Wakuu salamu. Boneti ya gari yangu klia, ile rangi ya juu inayoonyesha ya chini na kung'arisha, imeanza kubanduka, inanyanyuka magamba magamba kama ngozi ya nyoka, nikasema wikiendi hii nafanya mwenyewe nyumbani. Nimechukua msasa namba 80 nimesugua kwa vidole, kuna sehemu nimefika mpaka kwenye bati, palipokuwa pamebonyea nikajaza puti, ule udongo wa kujazia mabonde, ilipokauka nikaisugua kwa maji maana nilisikia maji yanapunguza vumbi. Nikiangalia kwa mbali naona poa ila nikipitisha kiganja nasikia ngazi ngazi. Praima nzito itafunika au? Na lazima nitoe rangi yote mpaka bati? Msinicheke.

Fundi Mstaafu:
Hatucheki kijana, sote tulianzia hapo. Praima haifuniki ngazi. Inapokauka inasinyaa na kuzama kwenye mikwaruzo, leo utaona boneti imenyooka, baada ya wiki kadhaa mistari yote ya 80 inakuchungulia kwenye klia mpya.

Rangi ya zamani kama imeshika vizuri usiitoe, hiyo ndiyo msingi wako, iondoe mng'ao tu. Inayobanduka ndiyo uifukuze mpaka ufike penye uzima. Bandika tepu ya karatasi ukingoni, ikandamize halafu ivute kwa nguvu, ikija na klia bado hujafika. Ukishafika panda namba ya msasa, namba ikipanda msasa unakuwa laini, 180 kisha 320, ulaze ule ukingo mpaka uone pete, bati katikati, halafu praima ya zamani, halafu rangi, halafu klia, kila pete iwe na upana wa kidole hivi. Pete nyembamba kama uzi maana yake ngazi bado ipo hata kama jicho halioni.

Dada Spana:
Tatizo jingine ni vidole mkuu. Kidole kinakandamiza sehemu moja kinachimba mifereji, ndiyo hizo ngazi zako. Funga msasa kwenye kibao, pale kwenye mkunjo tumia sponji ngumu, na sugua mshazari huku na huku, usiende upande mmoja tu. Halafu ukishaweka praima vumbisha juu yake rangi nyeusi ya kopo, kidogo tu kama umenyunyiza pilipili, usugue na 400. Palipobaki peusi ni shimo, palipotoka bati haraka ni kilima. Kiganja chenyewe kiweke juu ya kitambaa chembamba ndio upapase, utashangaa kinavyosema ukweli.

Fundi Mstaafu:
Na hiyo puti uliyoipiga maji inanitia wasiwasi zaidi. Puti inakunywa maji kama sponji, yakibaki ndani bati linakula kutu chini kwa chini na rangi inatoa malengelenge. Puti ni msasa mkavu tu. Mimi ningeitoa.

Kimya Kimya:
Uliosha kabla ya kusugua? Kama hukuosha kwa sabuni ukafuta na dawa ya kutoa mafuta, nta na silikoni umezisukumia kwenye mikwaruzo, rangi ikigusa hapo inakimbia inaacha vishimo vya duara.

Boneti Bovu:
Kuosha niliosha kwa maji matupu 😩 Halafu leo asubuhi bati lililokuwa linang'aa limeshakuwa na rangi ya chungwa!

Dada Spana:
Kutu hiyo, bati wazi halilali nje. Isugue yote iishe, futa mafuta kwa vitambaa viwili, kimoja chenye dawa na kikavu kinafuata nyuma kabla haijakauka, halafu siku hiyo hiyo weka praima ya epoksi. Praima ya kawaida peke yake juu ya bati haizuii unyevu. Na usishike tena kwa mkono mtupu, jasho lina mafuta na chumvi.

Fundi Mstaafu:
Nyongeza, kwenye kusugua vaa barakoa ya vumbi. Ila ukifika kupuliza klia ya kuchanganya na hadna (dawa ya kugandisha) hiyo barakoa haikusaidii, ile kitu ina kemikali ya isosayaneti, inaharibu mapafu. Kama huna vifaa vya kupumulia, kazi yote ya msasa fanya mwenyewe na kupuliza mpe fundi mwenye chumba cha kupulizia rangi.

Boneti Bovu:
Mrejesho. Puti nimeitoa yote. Kwenye kingo chini yake kulikuwa na alama za kutu tayari, na ni siku mbili tu. Naanza tena na 180, kibao nimekata kipande cha mbao.

Dada Spana:
Hakikisha hicho kipande kimenyooka, kiweke juu ya kioo uone kama kinacheza.